Ushirika wa Vijana Kwenye Simu, Nakuru na Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Bwana asifiwe. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayoingia inboksi yetu kila wiki. Mengi yanatoka kwa vijana, mengine kwa wazazi wenye wasiwasi, na machache kwa wachungaji wanaotaka kujua tunawalisha nini kondoo wao. Tumeyajibu vile tunavyojibu kwenye simu, kwa hivyo kuna majibu marefu na kuna ya mstari mmoja.

Huu ushirika ni nini hasa?

Ni vijana Wakristo wa miaka 18 hadi 30 na ushee wanaosoma Biblia pamoja na kuombeana kwa njia ya simu. Wengi wako Nakuru na viunga vyake: Kaptembwo, Rhonda, Section 58, Free Area, Lanet, hadi Njoro. Wengine wako Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia.

Wanaojiunga kwa wingi ni waliomaliza chuo. Ukiwa Egerton, Maseno au Masinde Muliro, CU, yaani umoja wa wanafunzi Wakristo, inakubeba: kuna maombi ya asubuhi, kuna kwaya, kuna rafiki wa kukugongea mlango Jumapili ukilala. Halafu unamaliza, unarudi nyumbani, unaanza kutarmaki, kuzunguka ukitafuta kazi. Kanisa la nyumbani linakukumbuka ukiwa mtoto wa Sunday school na halijui likuweke wapi sasa. Hapo ndipo wengi huteleza, na mara nyingi hawajaikana imani. Ni vile tu hakuna anayewauliza habari zao.

Tuna kundi moja kubwa la matangazo ambalo wasimamizi peke yao ndio huandika, kisha tuna seli za watu saba au wanane. Kundi kubwa ni la kutangaza tu. Seli ndiyo kazi yenyewe. Ukinyamaza kwenye seli tangu Jumatatu, ifikapo Alhamisi kuna mtu amekupigia simu. Kupiga, si kuandika.

Kwa hivyo hili ni kanisa la mtandaoni?

Hapana. Hatubatizi, hatushiriki meza ya Bwana, hatufungishi ndoa wala hatuziki.

Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi wetu tulionja ibada ya simu mwaka 2020. Makanisa yalifungwa mwezi Machi. Yalipofunguliwa Julai, ibada haikuruhusiwa kuchukua zaidi ya saa moja, waumini hawakutakiwa kuzidi 100, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Ibada za mtandaoni zilituokoa wakati huo, na wenzetu wengi hawakurudi kanisani hata milango ilipofunguliwa wazi. Kuabudu ukiwa kitandani, simu juu ya mto, kuna raha yake. Unamzima mhubiri akianza kukugusa.

Paulo alichunga watu kwa barua. Aliwaagiza Wakolosai wasome yao kisha waipeleke Laodikia isomwe huko pia (Wakolosai 4:16), na kwa kipimo cha siku zile huko kulikuwa kufowadi. Ila barua zenyewe zimejaa hamu ya kuwaona watu uso kwa uso, na Yohana anasema waziwazi mwishoni mwa waraka wake wa pili kwamba ana mengi ya kuandika lakini hataki kuyamalizia kwenye karatasi na wino, anataka kuja waongee. Nasi tunaona hivyo hivyo. Kila anayejiunga tunamuuliza anaabudu wapi. Kama hana kanisa, mwenzake wa seli aliye karibu humpeleka Jumapili au Sabato moja, kisha nyingine, mpaka apate pa kukaa.

Ninyi ni wa dhehebu gani?

Hakuna moja. Nakuru yenyewe ni mji wa mchanganyiko, na ukivuka kwenda magharibi unakuta ramani ya wamisionari bado imekaa pale pale. Waquaker walianzia Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifika Maseno mwaka 1906, na mwaka huo huo Waadventista wakaanza Gendia. Church of God wana Kima, Pentecostal Assemblies wana Nyang'ori, Wakatoliki wana Mumias. Wamisionari waligawana maeneo, ndiyo maana hadi leo mtu akikutajia kwao unaweza kukisia alibatizwa wapi, au kama alibatizwa kwa maji hata kidogo, maana Friends, ndio hao Waquaker, kwa desturi yao hawatumii maji. Ongeza makanisa yaliyozaliwa hapa hapa, kama African Israel Nineveh na Legio Maria, uone jinsi seli ya watu wanane inavyoweza kuwa na madhehebu sita.

Ubishi upo. Siku ya ibada, Bikira Maria, kunena kwa lugha, ubatizo wa watoto: yote yameshajitokeza na yatajitokeza tena. Kanuni yetu ni kwamba unaruhusiwa kueleza kanisa lako linaamini nini na kwa nini, na mwenzako anaruhusiwa kuuliza. Usichoruhusiwa ni kueleza kanisa la mwenzako linaamini nini. Mwadventista atueleze Sabato, Mkatoliki atueleze rozari. Kanuni hii imezima moto mwingi, kwa sababu ugomvi mwingi wa dini huanza mtu akisimulia imani ya jirani yake vibaya.

Mikutano ya sauti iko Alhamisi saa mbili usiku. Ijumaa jua likizama, Waadventista wameingia Sabato. Jumamosi jioni wanakwaya wako mazoezini. Jumapili hatugusi.

Sijaokoka, na kusema kweli nina mashaka mengi. Nitakubaliwa?

Ndiyo. Hatuombi ushuhuda mlangoni. Mashaka yaliyosemwa kwenye seli hayajawahi kutusumbua kama yale yaliyofichwa nyuma ya amina nyingi. Tunaomba tu uulize kwa kutaka kujua, usiulize kwa kutega.

Mnasoma nini, na mnasomaje?

Tunasoma kitabu kimoja kwa wakati, polepole. Seli mpya huanza na Injili ya Marko: sura 16, mwendo wa haraka, Yesu hatulii mahali. Sura mbili kwa wiki humaliza kitabu kwa wiki nane. Baadaye seli huchagua yenyewe, na wengi huenda Ruthu, Yakobo au Wafilipi. Hatukimbilii Ufunuo. Kila seli inautaka mwezi wake wa pili, na kila mara tunawaambia wangoje.

Jumatatu mmoja wetu huisoma sura kwa sauti, akairekodi na kuituma. Watu huisikiliza kwenye matatu, wakifua, wakingoja abiria stejini. Jumanne na Jumatano kila mtu analeta swali moja ambalo sura imemwachia. Tunataka swali, hatutaki mahubiri, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu kijana aliyekulia kanisani amefunzwa kutoa neno la kutia moyo hata kama sura hajaielewa. Alhamisi tunaongea.

Mfano mmoja. Seli fulani ilifika Marko 5, yule mtu aliyekaa makaburini na pepo walioingia nguruwe. Ndugu mmoja anayefuga nguruwe upande wa Njoro aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia kwenye mimbari: nguruwe wapata 2,000, nani alilipa? Alikuwa amepiga hesabu, kuanzia bei ya mmoja sokoni, chakula, hadi mshahara wa wachungaji wa kundi. Wengine walicheka. Yeye hakuwa anacheka. Basi ikabidi turudi kwenye maandiko, tukaona wenye mji walimwomba Yesu aondoke kwao, na tukajiuliza kama ni hofu ya nguvu zake au ni hofu ya hasara nyingine. Dada mmoja akasema huyo mtu alikuwa amefungwa pingu na minyororo miaka yote hiyo bila mtu kumpigia hesabu. Kukawa kimya kwenye simu. Kisha ndugu yetu akasema bado angewalilia nguruwe wake. Hatukumjibu, na sidhani alihitaji jibu.

Zingatia pia mwisho wa kisa hicho, maana unatuhusu. Aliyeponywa anataka kupanda chombo aende na Yesu, naye anaambiwa arudi nyumbani kwa watu wake awasimulie.

Nitumie Biblia ipi?

Yoyote uliyo nayo. Wengi wana Union Version ya 1952, ile tunayoikariri tangu utotoni, na ni nzuri kusoma kwa sauti. Habari Njema ni nyepesi kwa anayeanza, na ina chapa yenye vitabu vya Deuterokanoni kwa Wakatoliki. Programu za bure za Biblia zipo nyingi. Ipakue mara moja ukiwa na waifai, kisha uisome bila data.

Lugha?

Kiswahili, kwa sababu ndicho kinachotukutanisha. Sheng si dhambi. Kuomba, omba kwa lugha uliyofundishwa na mama yako: Kidholuo, Gikuyu, Lulogooli, Kipsigis. Mungu anasikia, na sisi tutasema amina.

Itanigharimu data kiasi gani?

Kidogo, na tumepanga hivyo makusudi. Hatutumi video. Ujumbe wa sauti wa dakika tano unakula data kidogo sana ukilinganisha na video ya muda uo huo, na maandishi hayali karibu chochote. Mkutano wa Alhamisi tunaufanya Google Meet, kamera zikiwa zimezimwa. Bila malipo unakupa dakika 60 mkizidi wawili, na hizo zinatosha. Zoom ya bure hukata kwa dakika 40, mara nyingi katikati ya maombi.

Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwenye mipangilio ya WhatsApp. Vijana wengi hulalamika bando linaisha na hawajui kosa liko hapo.

Ukiwa na kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp, hujafungiwa nje. Mwenzako wa seli atakutumia swali la wiki kwa SMS, na utarudisha lako kwa SMS. Kuna ndugu wa Bumula aliyemaliza Marko yote hivyo.

Je, mko Telegram?

Hapana. Wakati wa mitihani ya KCSE, ile ya kumaliza sekondari, mwezi Novemba mwaka 2023 na tena 2024 Telegram ilizuiwa nchini kwa sababu ya karatasi za mtihani zilizokuwa zikiuzwa humo. Hatutaki seli zinyamaze kila Novemba.

Nina miaka 16. Kwa nini mmenikataa?

Hatujakukataa wewe. Tumekataa kukuweka kwenye kundi la watu wazima usiowajua. Kisheria mtu ni mtoto hadi atimize miaka 18, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya yeyote kushughulikia taarifa za mtoto, namba ya simu ikiwemo. Hata kama sheria isingekuwepo, tungefanya vivyo hivyo.

Tunachofanya ni kuzungumza na kanisa lako. Likikubali, vijana wa sekondari wanakuwa na seli yao wakati wa likizo tu, mwezi wa nne, wa nane na Disemba, maana simu haziruhusiwi bweni. Kila seli hiyo ina watu wazima wawili waliotajwa na kanisa lenyewe, na hakuna mtu mzima anayemwandikia mtoto inboksi. Mzazi akitaka kusoma mazungumzo, anasoma.

Kwa wazazi: mkiona kundi lolote la "vijana wa Yesu" linamwambia mtoto wenu asiwaonyeshe ujumbe, hata likinukuu Biblia namna gani, mtoeni humo.

Ndugu mmoja wa kundi ananitumia ujumbe wa usiku. Nifanye nini?

Mwambie kiongozi wa seli yako, au yule wa pili kama wa kwanza ndiye mhusika. Kila seli ina viongozi wawili, wa kiume na wa kike, kwa sababu hii hasa. Usifute ujumbe. Usijilaumu kwamba ulijibu mara ya kwanza.

Mchezo wenyewe huwa mmoja. Anaanza na "dada, nimekuombea leo." Halafu "Mungu amenionyesha kitu juu yako." Halafu inakuwa saa sita usiku. Kuombeana si kibali cha kuandikiana usiku wa manane, na hakuna ufunuo kuhusu maisha yako unaohitaji kufichwa kwa viongozi wako. Aliyeonywa akarudia anatolewa, na mchungaji wake anajulishwa. Ikiwa kuna vitisho, picha za aibu au unyanyasaji, hatulimalizi kundini. Tunakwenda nawe polisi. Namba 1195 husaidia waliodhulumiwa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Zote ni bure.

Lakini si mtu anaweza kupata mchumba humu?

Imetokea. Hatutangazi.

Mnachangisha pesa?

Hapana. Hatuna paybill wala till, hatuna sadaka, hatuna mbegu ya kupanda. Fungu la kumi lipeleke kanisani kwako.

Shida huja mwanachama anapougua au kufiwa, maana kuchanga ndivyo tulivyolelewa na hatutaki kuua utu huo. Utaratibu ni huu. Ombi la msaada halitumwi kundini na mwenye shida wala na rafiki yake, linapitia kiongozi wa seli. Kiongozi anapiga simu, anasikia sauti, anaongea na jamaa au kanisa lake. Deni la hospitali linalipwa kwa namba ya hospitali yenyewe, haliendi kwa namba ya mtu. Hesabu inawekwa wazi seli nzima ione.

Mwaka fulani mtu alijiunga, akaomba vizuri wiki kadhaa, akawa na mama mgonjwa. Pesa zikatoka haraka. Mama huyo hakuwahi kulazwa popote. Aliyeumia zaidi ni dada aliyetuma nauli yake ya wiki nzima, na kilichomuuma si pesa kama vile kwamba alikuwa amefunga kula siku mbili akimwombea huyo mama.

Je, naweza kutuma mahubiri na unabii nilioupata mtandaoni?

Mahubiri, tuma kwenye seli yako ukieleza kwa nini, si kwenye kundi kubwa. Ule ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upokee muujiza kabla ya saa sita" tunaufuta bila kuomba radhi.

Unabii ni jambo zito. Wathesalonike wanaambiwa wasiudharau, na sentensi inayofuata wanaambiwa wajaribu mambo yote na walishike lililo jema (1 Wathesalonike 5:20-21). Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe na bado walikwenda kuchunguza Maandiko kila siku kuona kama ndivyo (Matendo 17:11), na Luka anawasifu. Kama Paulo alihakikiwa, nabii wa TikTok naye atahakikiwa.

Hatuongei hewani. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiwa watu waliofunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Mafundisho ya huko yalirushwa kwenye runinga na kwenye video za mtandaoni muda mrefu kabla ya wengi wetu kulijua jina la msitu huo. Kilifi ni mbali na hapa, lakini video haina umbali. Kwa hivyo mafundisho yakikutaka uache shule, uache dawa za hospitali, ukate ndugu zako, uuze ulichonacho, au ufunge bila kikomo kwa amri ya mtu, lete kwa kiongozi siku hiyo hiyo. Usingoje kuwa na uhakika.

Kufunga kwenyewe hatukukatazi. Wapo wanaopanda mlima Menengai kuomba mapangoni, desturi inayojulikana sana hapa mjini. Tunaomba tu usiende peke yako, uwaambie wenzako siku ya kurudi, na ubebe maji. Mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa aongee na daktari kwanza.

Siasa zinaruhusiwa?

Kupigia debe mgombea, hapana. Kuongea juu ya nchi yetu, ndiyo, kwenye seli.

Zamani tulikataza kabisa. Halafu ikaja Juni 2024, vijana wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Nakuru na Kisumu pia, na wenzetu wakawa wanauliza Biblia inasema nini juu ya kodi, risasi na wanasiasa wanaopewa kipaza sauti madhabahuni kwa sababu wamekuja na bahasha. Kuwajibu "hapa tunaongea mambo ya kiroho tu" kungekuwa kuwafukuza. Basi tulisoma Amosi.

Tunaloliogopa ni lingine. Nakuru inakumbuka Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, na watu waliolala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho. Baadhi ya wanachama wetu walikuwa watoto kwenye mahema hayo. Neno lolote la kudharau kabila, hata kwa utani, hata kwa methali, linafutwa na mwandishi anapigiwa simu. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia tutakuwa wakali zaidi.

Nikianguka dhambini, niungame kundini?

Usifanye hivyo. Yakobo 5:16 anasema tuungamiane, lakini kundi lina watu wenye vidole vyepesi na picha ya skrini haichukui hata sekunde. Ongea na mtu mmoja unayemwamini, mchungaji wako, au padre kama u Mkatoliki. Mambo ya mimba, ukimwi, deni au ulevi yanahitaji masikio mawili na muda wa kutosha.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mpigie kiongozi saa yoyote, hata saa tisa usiku, kisha tutatafuta pamoja msaada wa kitaalamu. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba ya bure, 1199. Hatutakuambia kwamba una imani ndogo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, na imo ndani ya Biblia.

Nitajuaje kama ninakua?

Si kwa zile siku mfululizo ambazo programu ya Biblia inakuhesabia. Uliza watu wa nyumbani kwenu. Uliza unayemdai na anayekudai. Mwingine wetu alijua amekua siku aliporudisha chenji ya ziada kwa mama mboga na hakuliandika popote.

Nimenyamaza miezi mingi. Mmenitoa?

Hapana, ila mtu amekuwa akikupigia na simu haipatikani. Kama umebadilisha laini, tuma namba mpya. Ukitaka kuondoka, ondoka kwa amani. Tutauliza mara moja kama kuna lililokukwaza, basi.

Mnakutana ana kwa ana?

Kila seli ijitahidi mara moja kwa miezi michache. Walio Nakuru hukutana kwa nyumba ya mmoja wao au Nyayo Gardens, walio Kisumu huchagua wenyewe. Kukutana mara ya kwanza ni mahali pa wazi, mchana, na kila mtu amwambie wa nyumbani kwake anakoenda. Wakatoliki wetu huenda Subukia mwanzoni mwa Oktoba kwa siku ya kitaifa ya maombi, na baadhi ya Waprotestanti wamekuwa wakiwasindikiza, hasa kwa sababu ya chapati za njiani.

Nataka kuanzisha kitu kama hiki kanisani kwetu Kakamega. Nianzie wapi?

Anza kwa kumwambia mchungaji, kabla hujafungua chochote. Si kuomba ruhusa ya kuongea na wenzako, ni ili siku jambo likiharibika awe analijua tangu mwanzo.

Kisha tafuta watu watano unaowajua kwa sura. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye kundi, na namba hiyo imeua ushirika mwingi. Mtu anaweka linki kwenye statasi, wanaingia mia tatu kwa siku moja, wiki ya pili ni matangazo ya kazi za ughaibuni na sarafu za mtandaoni, wiki ya tatu vijana wa kweli wamezima sauti ya kundi. Watano wanaosoma Marko kwa wiki nane watakuletea wengine wenyewe. Wakizidi kumi, gawanyeni seli, na msigawanye marafiki wote upande mmoja.

Weka mipangilio ambayo msimamizi lazima amkubali kila anayeingia. Kumbuka kwamba kwenye kundi la kawaida kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Kama mna kundi kubwa la matangazo, lifungueni kama jumuiya ya WhatsApp, ambayo huficha namba kwa wasio wasimamizi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi pawe kimya.

Na usiongoze peke yako. Viongozi wa makundi haya ni vijana walewale wanaotafuta kazi na kulea wadogo zao, na simu haipumziki. Tunabadilishana kila baada ya kitabu kimoja kuisha. Aliyepumzika anabaki kwenye seli kama mwanachama tu, anauliza swali lake la wiki kama wengine, na wengi husema hapo ndipo walipoanza kuisoma Biblia tena.

Simu yangu imeibwa, au mtu anaandika kundini kwa jina langu. Nifanyeje?

Azima simu umpigie kiongozi wako wa seli akutoe kundini mara moja, maana mwizi wa kwanza atakalofanya ni kuomba wenzako "elfu mbili ya dharura". Funga laini kupitia kampuni ya simu na uwajulishe pia kuhusu M-Pesa. Ukipata laini yako tena, sajili WhatsApp upya na yule mwingine atatolewa. Tarakimu 6 zinazokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni msimamizi wetu anayehakiki wanachama. Sisi hatuhakiki mtu kwa tarakimu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, kabla hujaihitaji, na namba ya kiongozi wako iandike kwenye karatasi ndani ya Biblia yako.